Mpiga Picha wa Kijijini na Dirisha Lake

Siku hizi kazi ya kupiga picha imewavuta vijana wengi. Mmoja ameuza mpunga wake, mwingine amepewa na baba yake fedha ya ng'ombe, wa tatu amekopa katika kikundi cha kuweka na kukopa. Wamenunua kamera, printa, taa mbili na pazia la nyuma. Wamekodi chumba karibu na gulio, wameandika STUDIO juu ya mlango, kisha wameketi kungojea watu. Watu hawaji.

Mwezi wa kwanza kijana husema, "Bado hawajanijua." Mwezi wa tatu kodi ya chumba inadaiwa, wino wa printa unakauka, na mkopo haungoji. Hapo wazee nyumbani huanza kunung'unika kwamba kamera ni mambo ya mjini, na kwamba heri ng'ombe angebaki zizini.

Je, ni kweli? Sivyo. Watu wa vijijini wapenda picha kama watu wa mjini. Harusi zipo, Komunyo ya Kwanza ipo, mahafali yapo, na fomu za shule zataka picha ndogo kila mwaka. Ila siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye kamera, na mtu hujiuliza, "Nimlipe huyu kwa kazi gani ambayo mwanangu hawezi kuifanya kwa simu yake?" Swali hilo ni la haki. Mwenye studio lazima alijibu, na jibu lake ni kuonyesha kazi.

Leo twaeleza jinsi ya kuonyesha kazi hiyo kwa njia ya mitandao ya kijamii, kwa mpango, bila kubahatisha. Makala hii ni ya kijana mwenye studio. Lakini wazazi nao waisome mpaka mwisho, maana sehemu moja yawahusu wao na watoto wao.

CHEMA CHAJIUZA?

Wazee walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Wengine huishika methali hii kuwa sababu ya kukaa kimya. Lakini chema chajiuza pale kinapoonekana. Mama akizifunika nyanya zake kwa gunia sokoni, hata zikiwa nzuri namna gani, atarudi nazo nyumbani jioni.

Wapiga picha wa zamani walilijua jambo hili kabla ya simu kuzaliwa. Ndiyo maana studio za mjini zilikuwa na dirisha la kioo au ubao mlangoni, nazo picha nzuri ziliwekwa hapo ili mpita njia asimame atazame. Katika nchi ya Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, na nyuma ya picha zake aligonga mhuri wenye jina lake, ili kila picha iliyotoka imtangaze ilikokwenda. Baada yake, katika miaka ya 1960, Malick Sidibé wa mji huohuo alikwenda kupiga picha katika karamu za vijana, akazisafisha kwa vipimo vidogo, akazipa namba na kuzibandika juu ya karatasi ngumu nje ya studio. Vijana walikuja kujitafuta katika ubao ule, wakacheka, wakaagiza picha zao. Mwaka 2007 mtu huyo alipewa tuzo kubwa ya Simba wa Dhahabu huko Venice, Italia. Ubao wake ulikuwa wa karatasi na gundi tu.

Dirisha la leo ni simu. Kazi yake ni ileile, na hutaka kupangwa na kufagiwa kama dirisha la zamani.

DIRISHA GANI LAFAA?

Kijana asijaribu madirisha yote kwa siku moja. Achague lile ambalo watu wake hupita mbele yake.

Kijijini, WhatsApp ndiyo hutangulia. Picha iliyowekwa katika stetasi ya WhatsApp hukaa saa 24 kisha hutoweka. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwa kawaida stetasi yako huonwa na yule tu ambaye wewe umehifadhi namba yake, naye amehifadhi yako. Basi ukiwa na watu 30 katika simu yako, unawahubiria watu 30 wale wale kila siku. Dawa yake ni nyepesi. Kila mteja anapochukua picha zake, mwombe aihifadhi namba ya studio palepale mbele yako, nawe uhifadhi yake akikubali. Watu watatu kila siku ya kazi ni zaidi ya watu 70 kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Iko pia WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, nayo haina malipo. Ndani yake waweza kuandika saa za kazi, mahali ulipo, na orodha ya huduma pamoja na bei zake. Yafaa kutenga namba ya studio na namba ya nyumbani, ili mteja asije akakuta picha ya harusi imechanganyika na mzaha wa mpira.

Facebook hufaa kwa kuwafikia watu usiowajua, hasa wazaliwa wa kijiji walio Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, ambao ndio hupeleka fedha za harusi na jubilei nyumbani. Fungua ukurasa wa biashara, usitumie ule wako wa binafsi. Instagram ni nzuri kwa picha, lakini uliza kwanza kama wateja wako wamo humo. Kama hawamo, iache.

Wala usiung'oe ubao wa mlangoni. Bibi anayekuja gulioni kuuza mayai hana stetasi, lakini huenda ndiye atakayelipia picha ya mjukuu wake.

FUATA KALENDA YA WATEJA

Vijana wengi huweka picha wanapokumbuka: leo kumi, kisha kimya cha wiki mbili. Huo si mpango. Chukua daftari, chora miezi kumi na miwili, uandike watu wa kwenu wahitaji picha lini.

Januari watoto huingia kidato cha kwanza, na fomu zao zataka picha ndogo. Septemba ni mtihani wa darasa la saba, Novemba wa kidato cha nne, na mahafali huwa karibu na siku hizo. Wakati wa Kwaresima harusi huwa haba. Baada ya Pasaka na baada ya mavuno huongezeka. Kipaimara hufuata ratiba ya Askofu. Komunyo ya Kwanza kila parokia ina siku yake; uliza mapema. Desemba wazaliwa hurudi nyumbani kwa Noeli, na ukoo mzima huwa chini ya mwembe mmoja kwa siku chache tu. Picha ya ukoo isipopigwa siku hizo, huenda mwaka ujao mmoja wao hayupo.

Sasa fahamu kwamba kila kazi ina umbali wake. Anayehitaji picha ndogo aihitaji leo. Tangazo lake liwekwe wiki ileile, hata siku ileile. Lakini watu wa harusi humchagua mpiga picha wakati kamati inapoanza kukutana na michango inapoandikwa. Ukitangaza kazi za harusi wiki ya harusi, umechelewa kwa miezi miwili. Kwa hiyo picha za harusi ya Juni zilizopendeza zionyeshwe Julai na Agosti, wakati wa harusi za Oktoba wanapokaa kuhesabu fedha.

Hapa yapo maonyo mawili. Majina ya wachumba husomwa kanisani Jumapili tatu ili mwenye kujua kizuizi aseme. Hayakusomwa ili yawe orodha ya wateja. Kijana anayenakili majina yale na kuwapigia simu jioni ileile atawachukiza watu, na atastahili. Tena, kabla ya kupiga picha ndani ya kanisa, mwone Paroko, uulize mahali pa kusimama na wakati wa kutulia.

WIKI MOJA KWA MFANO

Kaa Jumamosi jioni, nusu saa yatosha, upange mambo ya wiki ijayo. Mfano wake ni huu:

Jumatatu: picha moja iliyo bora kuliko zote za wiki iliyopita, pamoja na maneno mawili matatu. Moja tu. Mtu akitupiwa picha thelathini hatazami hata moja.

Jumatano: jambo la kufundisha. Kwa mfano, nguo nyeupe ya Komunyo hupigwa picha vizuri asubuhi au chini ya kivuli kuliko jua la saa sita. Au jinsi ya kuitunza picha ya zamani isiliwe na unyevu. Au kwamba picha itumwayo kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupungua uzuri wake, lakini ikitumwa kama faili hubaki ilivyo. Mtu akifundishwa bure hukumbuka aliyemfundisha.

Ijumaa: tangazo la kazi, lenye bei, mahali na saa.

Jumamosi: kabla na baada. Picha ya babu iliyochanika na kupauka, kisha ileile ikiwa imetengenezwa. Kazi hii simu ya jirani haiwezi kuifanya kwa urahisi, nayo huwagusa watu sana. Lakini mwenye picha aombwe ruhusa, kama tutakavyosema.

Siku nyingine nyamaza, ufanye kazi. Ukipunguza ukubwa wa picha kabla ya kuziweka, bando litadumu. Video hula bando lako na la mtazamaji. Iwe fupi, na kwa nadra.

TANGAZO LISEME NINI?

Matangazo mengi husema, "Karibuni wateja wote, huduma bora, bei nafuu, njooni inboksi." Mtu akisoma hivyo amejua nini? Hajui bei, hajui mahali, hajui saa. Naye atashuku kwamba bei hufichwa ili ipimwe kwa viatu vya mteja.

Tazama namna nyingine: "Fomu za kidato cha kwanza zataka picha ndogo. Picha nne Sh. 3,000, tayari kwa dakika kumi na tano. Studio iko nyuma ya mashine ya kusaga. Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Umeme ukikatika, tuna betri." Bei hiyo ni mfano, weka yako. Lakini ona jinsi kila sentensi inavyojibu swali ambalo mama angeliuliza kabla ya kutoa nauli ya bodaboda.

Kisha ahadi ni deni. Ukiandika dakika kumi na tano, ziwe kumi na tano. Ukiandika saa 2, mlango uwe wazi saa 2. Tangazo huwaleta watu mara moja. Likisema uongo, limewaleta kushuhudia uongo wako, nao watasimulia kisimani.

Mtu akiuliza kwa simu, mjibu upesi na kwa adabu, hata akiuliza bei uliyokwisha kuiandika. Akikutukana mbele ya watu, usimrudishie. Mwite kando, msikilize, na kama ana haki, mrudishie fedha yake.

SURA YA MTU SI BIDHAA YAKO

Sasa twafika mahali ambapo wengi hupotea, na ambapo wazazi watege sikio.

Kijana amempiga picha binti wa kidato cha pili siku ya Kipaimara. Picha imetoka nzuri kuliko zote. Je, aweza kuiweka Facebook ili kuvutia wateja? Fedha imelipwa, kamera ni yake, kazi ni yake. Lakini sura ni ya binti. Ikishawekwa, mtu yeyote aweza kuinakili na kuihifadhi. Hata ile ya stetasi inayotoweka baada ya saa 24, mtu aweza kuihifadhi kwa sekunde moja. Kesho yaweza kuonekana katika kundi la watu wasiojulikana, na maneno machafu chini yake. Kijana ataifuta kwake, lakini hawezi kuifuta katika simu za watu. Na binti atakwenda shuleni Jumatatu.

Serikali nazo zimeliona jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jirani zetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019, nayo imekwisha kuuma. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, na nyumba moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ridhaa yake. Studio ya kijijini italipa fedha kama hiyo kwa kuuza nini?

Lakini tusingoje faini. Shika desturi hii. Katika daftari la wateja ongeza safu moja: "Ameruhusu kutangazwa? Ndiyo / Hapana." Uliza baada ya mteja kulipa na kupokea picha zake, ili asidhani bei yategemea jibu lake. Mwonyeshe picha ileile unayotaka kuiweka, na umwambie itawekwa wapi. Akikubali, atie sahihi au dole. Kwa mtoto, muulize mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe pia. Katika harusi, waulize wote wawili. Mtu akibadili nia baada ya mwezi, ondoa picha siku hiyohiyo bila ubishi.

Picha za msibani na za mgonjwa kitandani usizitangaze kamwe. Wapewe wenyewe, basi.

Nanyi wazazi, mnayo haki ya kusema hapana. Msione haya mbele ya kijana mwenye kamera. Mwambieni, "Piga, mwanangu, tutakulipa, lakini ya binti yetu isiende mtandaoni." Mpiga picha mwema atasema, "Vyema, mama," wala hataongeza bei.

Utasema, "Wakikataa wote, nitaonyesha nini?" Vitu vipo vingi: mikono miwili yenye pete, keki, maua ya altare, viatu vidogo vya mtoto wa ubatizo, studio yenyewe ikiwa safi na taa zikiwaka, albamu iliyofungwa vizuri. Waweza pia kumpiga picha mama yako mzazi akiwa amevaa kitenge chake kizuri. Akikubali aonyeshwe, hilo litakuwa tangazo jema, maana watu wa kijiji humjua.

USITANGAZE KAZI YA MWENZIO

Wako vijana wanaochukua picha za wapiga picha wa ng'ambo, wakaziweka katika kurasa zao kana kwamba ni zao. Huo ni wizi. Tena ni ujinga wa biashara. Bibi arusi ataona jumba la marumaru na taa mia, aje akitaka hivyo, nawe una chumba chenye taa mbili. Atakwenda zake amekasirika, na fedha ya kianzio ataidai.

Vivyo hivyo usimng'arishe mtu kwa programu mpaka shangazi yake asimjue. Kuondoa vumbi na chunusi si neno. Kumbadilisha mtu rangi ni kumwambia kwamba alivyo hafai. Jifunze kuiweka taa vizuri mbele ya uso mweusi, uonekane ulivyo, na watu watakutafuta kwa sababu hiyo.

MALI BILA DAFTARI

Mwisho, utajuaje kama kazi hii ya matangazo ina faida? Wengi huhesabu "laiki" na kufurahi. Laiki hazilipi kodi ya chumba. Kila mteja anayeingia muulize, "Umetujuaje?" Andika jibu: stetasi, Facebook, ubao, au ameletwa na jamaa. Andika pia fedha ya bando, maana ni gharama kama wino na karatasi.

Tuseme mwisho wa mwezi wamekuja wateja 40: 22 wameletwa na jamaa zao waliopigwa picha kwako, 12 kwa stetasi, 4 kwa ubao, na 2 kwa Facebook. Hapo umejua la kufanya. Wale 22 waliletwa na wateja walioridhika. Basi mteja aliyeridhika mpe picha moja ndogo ya ziada, akaionyeshe kwao. Stetasi iendelee. Facebook ipewe miezi miwili zaidi, kisha ipimwe tena. Wala usikope fedha kulipia matangazo ya mtandaoni kabla daftari halijakuambia kwamba yaleta watu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wazazi, msimkatishe tamaa kijana wenu katika miezi ya kwanza. Mwombeni awaonyeshe daftari badala ya kumwuliza kila jioni, "Umepata ngapi?" Mkiona safu zake zimejazwa kwa haki, mteja kwa mteja na ruhusa kwa ruhusa, mpeni muda, na mpelekeni jamaa zenu wakapigwe picha.

Nawe kijana, jioni ya leo fanya mambo matatu. Futa katika ukurasa wako picha ya mtu yeyote ambaye hukumwomba ruhusa. Andika bei zako, mahali ulipo na saa za kazi mahali ambapo kila mtu ataziona. Kisha chora ile miezi kumi na miwili, uanze na mwezi ujao.